Usimuulize Bibi Mwaka: Jinsi ya Kuandika Historia ya Ukoo Wako

Babu yangu alitoka Kasulu akaja Korogwe kukata mkonge. Alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, akamaliza mkataba, akaongeza mwingine, akaoa, hakurudi tena kwao. Kufuatilia maisha yake ndiyo kazi yangu ya jioni na ya likizo, na hakuna starehe ninayoipenda kuliko hiyo. Watu wa rika langu wakiniona na madaftari huniuliza nilianzia wapi, kwa hiyo naeleza hapa ninavyofanya. Nawalenga hasa nyinyi ambao wazee wenu walihamia mashambani au mjini kutoka mbali, wakaacha maandishi machache.

Anza na sanduku kabla ya kumwendea mzee. Karibu kila nyumba ina kopo la biskuti au bahasha kuukuu yenye karatasi: kipande (kadi ya kuhesabia siku za kazi), kadi ya TANU, stakabadhi za kodi ya kichwa, cheti cha ubatizo au cha ndoa, picha za studio. Zipige picha kwa simu wakati wa mchana, karibu na dirisha, bila kuwasha flashi. Piga mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndipo penye muhuri wa studio na maneno yaliyoandikwa kwa wino. Usizipeleke steshenari zikafungwe ndani ya plastiki kwa moto. Karatasi ikishaingia humo haitoki salama. Bahasha kavu ndani ya kopo, mahali pa juu ambapo mchwa hawafiki, inatosha.

Kisha mpelekee mzee kitu cha kushika. Swali tupu kama "nieleze maisha ya babu" litakupa jibu tupu. Bibi nilimpa picha ya babu aliyopigwa studio. Hakusema neno juu ya babu. Aliliangalia lile koti, akasema, "Hili la mpiga picha. Wote tuliopiga pale tulivaa hilihili." Halafu akaanza kutaja majirani wa kambini waliokwenda naye mjini siku hiyo, nani alikuwa na mtoto, nani alikopa nauli. Mmoja wao alikuwa hai, anaishi Mnyusi, huku huku Korogwe. Koti la kuazima likanipatia shahidi ambaye nyumbani hakuna aliyekuwa amewahi kumtaja.

Sasa suala la miaka. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Wengi hawakuhesabu maisha kwa kalenda, na mzee mwenye heshima zake hatakuacha bila jibu: atakutajia mwaka wowote ili usiondoke mikono mitupu. Uliza kwa matukio. Mwombe akwambie mvua, njaa, vita au sherehe iliyokuwapo, halafu uliza nani alikuwa mgongoni na nani alikuwa bado hajaolewa. Miaka utaitafuta wewe mwenyewe baadaye.

Mimi nina ukurasa wa alama za namna hiyo, na wewe tengeneza wako kulingana na mahali. Wazee sana wanaweza kukumbuka waliyosimuliwa juu ya nzige wa miaka ya mwanzo ya 1930. Kuna vijana waliochukuliwa keya, yaani jeshi la Waingereza la KAR, wakapigana Burma, nao walirudi vita vilipokwisha 1945. Ukoo ukitokea Kongwa, Urambo au Nachingwea, uliza juu ya mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Kwa watu wa Lindi kuna kimbunga cha Aprili 1952. Halafu zinakuja alama za wote: Uhuru Desemba 1961, machifu kuondolewa 1963, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, Azimio la Arusha Februari 1967, watu kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 na 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984, sijakutana na mzee asiyekumbuka alikuwa wapi aliposikia.

Tazama inavyofanya kazi. Kitambulisho cha baba yangu kinasema alizaliwa 1960. Karani alikadiria kwa kumtazama. Bibi alisema baba mkubwa bado ananyonya siku bendera ilipobadilishwa, kwa hiyo baba hawezi kuwa wa 1960. Shangazi anayemfuata alizaliwa wakati serikali inachukua mashamba ya mkonge, yaani 1967. Nikauliza kilichokuwapo katikati. Bibi akasema, "Treni ya kutoka Ruvu ilipofika mara ya kwanza nilikwenda kuiona Mnyusi, tumbo hili hapa." Reli inayounganisha Ruvu na Mnyusi ilikamilika 1963. Baba ni wa 1963 au mwanzo wa 1964.

Reli hiyohiyo inapima na safari za manamba. Kabla yake, reli ya kati na reli ya Tanga hazikukutana. Mzee akikwambia alishuka treni Morogoro akapakiwa lori hadi Korogwe, amekuja kabla ya 1963. Akitaja Silabu, anasema ile ofisi ya wenye mashamba iliyoandikisha watu na kuwasafirisha kuanzia miaka ya 1940. Muulize alipewa nini pale kambini: blanketi, posho, namba. Mambo hayo madogo wazee wanayashika kuliko majina ya mabwana shamba.

Kurekodi hakuhitaji mashine. Omba ruhusa kwanza, weka simu kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie, uilaze juu ya kanga iliyokunjwa, mbali na redio na upepo. Nenda alasiri, mzee akiwa amepumzika, na usiende mikono mitupu. Sukari na sabuni ni adabu tosha. Saa moja inatosha. Akianza kurudia, mwache arudie, maana mara ya pili huongeza jina lililosahaulika. Na uliza wanawake kwa majina yao. Ukimwachia mwanaume akutajie ukoo, utapata baba na wana, na mama wote watakuwa "mke wake". Uliza pia waliozaliwa wakafa wadogo. Hapo punguza sauti, na akinyamaza, nyamaza.

Safari ya asili ndiyo tamu yenyewe. Basi ni jepesi, lakini mimi napenda treni ya reli ya kati kwa sababu inapita njia aliyopita babu, kinyumenyume: Saranda kwenye wauza kuku, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, hadi Kigoma, kisha gari hadi Kasulu. Andika majina ya stesheni, ukirudi uwasomee wazee; jina moja tu huweza kufungua kisa kizima.

Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu sema wazi mapema mbele ya ndugu kwamba hukufuata shamba. Usipolisema hilo, kila swali lako juu ya mipaka na urithi litajibiwa kwa tahadhari, na ni haki yao. Chukua picha zilizochapishwa za watu wa upande wako, uwaachie. Mzee akipendelea Kiha, lugha ya huko Kasulu, rekodi Kiha chake chote, tafsiri baadaye na ndugu anayekijua. Ukirekodi maneno ya mkalimani peke yake umepoteza majina ya mahali. Kisha omba uonyeshwe mahame. Kijiji cha leo mara nyingi ni kile watu walichohamishiwa, na nyumba ya babu ilikuwa kwingine. Mimi nilionyeshwa ua wa minyaa ulioota ovyo, mwembe mmoja, na jiwe la kusagia lililozama nusu. Weka alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu ukiwa umesimama palepale.

Wenye wazee Wakristo waulize parokia: vitabu vya ubatizo huandika wazazi na wasimamizi pia. Wenye wazee Waislamu waanze na hati za ndoa.

Kuandika, usianze kitabu. Kila mtu mpe ukurasa mmoja: jina, majina ya utani, wazazi, alama za wakati, visa, na chini kabisa nani alisimulia na lini. Mambo ya ndoa zilizovunjika na watoto wa nje yaweke daftari lako mpaka mwenyewe akuruhusu. Chapa kwa herufi kubwa, umsomee mzee kwa sauti kabla ya kugawa, na acha pambizo pana. Nakala za Kasulu huwa nazituma kwa basi, na kalamu ndani ya bahasha, kwa ajili ya masahihisho.