Kupanga kazi za timu ndani ya Slack kwa amri fupi (somo, na maswali yenu chini)

Habarini wadau. Hili somo ni la timu ndogo kama zetu hapa Kampala, zile ambazo maongezi yote yako Slack (apu ya kuchati kazini) lakini orodha ya kazi iko GitHub (mtandao wa kutunzia programu) na hakuna anayeifungua. Mtu wa kituo cha maziwa Mbarara anaandika "jamani risiti ya maziwa haionyeshi lita", watu wanne wanajibu "sawa", jioni ukiuliza nani kaichukua kimya. Mimi naamini kabisa kazi iandikishwe palepale inapotajwa, kabla meseji zingine hazijaifukia, na amri za mkwaju, yaani zinazoanza na alama ya /, zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Repo (ghala la mradi huko GitHub) ya mfano naiita kikundi/maziwa, wewe weka yenu.

Kwanza admini aingize apu ya GitHub kwenye Slack (mpango wa bure unaruhusu apu 10 tu, kwa hiyo kama zimejaa toeni moja). Chaneli ikiwa ya faragha mwiteni boti wa apu hiyo:

/invite @github

Halafu kila mmoja wenu, nasema kila mmoja, aandike /github signin aunganishe akaunti yake mwenyewe, maana kazi inafunguliwa kwa jina la aliyeandika amri, mkishea akaunti moja hamtajua nani alileta nini.

Pili, ungeni chaneli na repo:

/github subscribe kikundi/maziwa

Hapo zitaanza kuingia taarifa za isyu (kazi au tatizo lililoandikishwa), za komiti (kila badiliko la programu linalohifadhiwa), na nyinginezo. Komiti zinapiga kelele sana na watu wakichoka na kelele wanaizima chaneli nzima, kwa hiyo toa hizo mapema: /github unsubscribe kikundi/maziwa commits

Tatu, na hapa ndo penyewe, kufungua kazi:

/github open kikundi/maziwa

Linatokea dirisha dogo la kujaza kichwa na maelezo. Tafadhali msiandike "Risiti" mkaondoka. Andika "Risiti haionyeshi lita kwenye simu ndogo", halafu kwenye maelezo weka ulichokiona na ulichotegemea kukiona, mfano: "Kituo cha Kiruhura, mkulima kaleta lita 18, risiti imetoa pesa tu, nafasi ya lita iko tupu, simu ni ya kioo kidogo." Mtu aliyekaa Ntinda hapa Kampala hajawahi kuliona hilo tangi la kupozea maziwa, lakini kwa mistari hiyo anaweza kuanza kazi bila kumpigia mtu simu. Kisha ipe isyu mwenyewe, mtu mmoja. GitHub inakubali mpaka watu 10 kwenye isyu moja lakini ukiweka wawili tu kila mmoja atamsubiri mwenzake.

Ikiisha, /github close na linki ya isyu. Ila kwa wanaoandika kodi za programu naona bora zaidi uandike Closes #27 (27 ni namba ya isyu) kwenye maelezo ya pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako, ikishaingizwa kwenye tawi kuu la repo isyu inajifunga yenyewe.

Mwisho kikumbusho cha wiki:

/remind #maziwa "Pitieni isyu zenu kabla ya mkutano" every Monday at 9am

MASWALI

Swali (Jinja): Niliweka 3am nikimaanisha saa tatu asubuhi, ikalia usiku wa manane, shida nini?
Jibu: Pole sana dada. Slack inahesabu saa kizungu, saa tatu asubuhi ni 9am na saa kumi jioni ni 4pm, hiyo 3am uliyoweka ni saa tisa usiku. Usipoweka saa kabisa yenyewe inachagua 9am. Kagua pia majira ya saa kwenye profaili yako, yawe ya Afrika Mashariki. Andika /remind list, futa hicho uweke kipya.

Swali (Gulu): Amri inakataa nikiwa najibu ndani ya thredi (majibu yaliyo chini ya meseji moja).
Jibu: Ndiyo ssebo, ndani ya thredi amri za apu hazifanyi kazi. Toka uandike kwenye chaneli yenyewe, na mkwaju uwe herufi ya kwanza kabisa. Ikishafunguka, kopi linki uirudishe kwenye thredi ili waliokuwa wanaongea waione.

Swali (Mbarara): Sisi wa vituoni hatuna akaunti za GitHub na bando letu ni la kubana, tufanyeje?
Jibu: Msihangaike na amri. Andikeni meseji ya kawaida yenye kituo, lita na kilichotokea, na mtu wa zamu ya siku hiyo hapa ofisini ndiye anafungua isyu na kuwarudishia linki. Sisi tumekubaliana zamu isifunge laptopu kabla meseji zote za vituoni hazijapata linki, na nawaomba sana mlio na watu wa nje ya ofisi mfanye hivyo, hao ndio wanaoona shida wa kwanza.

Swali (Kampala): Kwani tusibaki na Slack tu, meseji si zipo?
Jibu: Kwenye mpango wa bure meseji zikizidi siku 90 huzioni tena. Isyu iko GitHub, itabaki huko pamoja na maoni yake yote.