Kabla paka wako hajaanza dawa za limfoma

Paka wangu Chausiku aliugua limfoma, saratani ya chembe za kinga ambayo mara nyingi huvimbisha tezi. Alianza kwa kususa dagaa. Nilipompapasa chini ya taya nikagusa tezi ngumu kama punje ya maharage, na wiki iliyofuata zilikuwa mbili. Daktari wa kwanza hapa Moshi alimchoma sindano ya steroidi. Zikanywea, nikashangilia, kisha zikarudi.

Ndiyo maana nasisitiza: paka asipewe steroidi kabla tezi haijatolewa sampuli. Dawa hiyo hupunguza uvimbe kwa muda, kipimo kikakosa kuiona saratani, na saratani yenyewe ikaanza kuzoea dawa. Mara nyingi sindano nyembamba ya kunyonya chembe inatosha. Isipotosha, hukatwa kipande kidogo cha tezi.

Damu nayo ipimwe virusi vya FeLV (virusi vya leukemia ya paka) na FIV (virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka). FeLV huchochea limfoma, hasa kwa paka wenye umri mdogo, na huenea kwa mate: kulambana, kula bakuli moja. FIV huenea zaidi kwa kuumana, kwa hiyo madume wanaozurura wako hatarini. Vyote haviambukizi binadamu. FeLV ikionekana, thibitisha kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Isipoonekana, na paka aliishi na mgonjwa, rudia baada ya mwezi mmoja au zaidi. Pima na wenzake wa nyumbani. Mimi nilimpima pacha wake anayelala naye kikapu kimoja. Kuwa na FeLV hakumnyimi paka tiba, ila siku za nafuu huwa chache zaidi.

Chausiku alitibiwa kwa dawa mbili za kuua saratani, vincristine ya mshipani na cyclophosphamide, pamoja na steroidi iitwayo prednisolone. (Siyo prednisone, ini la paka haliibadilishi vizuri kuwa prednisolone.) Kabla ya kila dozi, chembe nyeupe za damu zihesabiwe, zikishuka mno, dozi iahirishwe. Vincristine ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, hivyo asitikisike. Nilimviringisha kwenye kanga, mguu mmoja tu nje, kiganja changu juu ya macho yake mpaka sindano ichomolewe. Manyoya yalibaki. Sharubu ndizo zilizodondoka, nikaziokota kwenye mto wa kitanda moja moja.

Nyumbani, vaa glovu ukizoa choo chake siku tatu baada ya dozi. Mjamzito asikiguse kabisa. Vidonge usivunje wala kusaga. Akigoma kula, mpashie samaki wasio na chumvi hadi wawe vuguvugu, harufu ipande. Akilegea na joto likapita nyuzi 39.5 za Selsiasi, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.