Unataka kuandika kuhusu vita vya Cabo Delgado? Anza hivi

Vita vya siku hizi havina mstari useme huku jeshi kule adui, leo kijiji kina askari, kesho waasi wamelala humo, keshokutwa hamna mtu kabisa, kwaiyo ukiandika kama unatangaza mechi unampotosha msomaji. Nachukua Cabo Delgado, Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, pwani kule wengi wanaongea Kimwani na Kiswahili kinasikika, sa tunasubiri nani atuandikie?

Kwanza majina. Waasi hao wenyeji wanawaita al-Shabaab ila sio wale wa Somalia, ni kundi lingine, IS (Islamic State, wale wa Iraq na Syria) wakaja kudai ni watu wao 2019, na serikali inawaita magaidi. Andika nani anawaita nini, ukichanganya hapo habari yote imeharibika.

Afu fungua daftari la matukio. 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi kwenye mji wa pwani wa Mocímboa da Praia vinavamiwa, Agosti 2020 mji huo na bandari yake vinaanguka mikononi mwa waasi, Machi 2021 wanavamia mji wa Palma, Julai Rwanda inapeleka askari kama 1,000, Agosti Mocímboa inarudi kwa serikali. Kila tukio liweke kwenye ramani, hapo ndo utaelewa mbona watu wanauana kwa kijiji ambacho hata duka hamna: kipo kwenye barabara ya N380 inayopita Macomia kupanda kaskazini, ikikatwa hiyo chakula hakipiti wala askari hawapiti. Mi naamini barabara inakueleza vita kuliko hotuba ya jenerali yeyote.

Usiishie kwenye dini tu. Ulizia wachimbaji wadogo waliofukuzwa kwenye machimbo ya rubi, yale mawe mekundu ya thamani, kule Montepuez, ulizia wavuvi waliohamishwa kupisha mradi wa gesi Afungi.

Video ikiingia kwenye WhatsApp usiirushe, kaa nayo. Mfano wanakwambia hii ni ya jana na sasa ni Agosti, ila ukiangalia majani ni kijani kibichi na gari inazama kwenye tope, wakati mvua kule ni Desemba mpaka Aprili, basi hiyo ni ya zamani au ya kwingine. Angalia mnara wa simu, paa la msikiti, mkato wa barabara, linganisha na picha za setilaiti. Na sikiliza lafudhi, hapo sisi tunasikia vitu ambavyo mwandishi wa Ulaya hasikii.

Idadi ya waliokufa usiibebe kama ulivyopewa, kila upande unapunguza maiti zake na kuongeza za mwenzake, andika "jeshi linasema" afu tafuta waliozika.

Ukikaa na mama aliyekimbia mpe shikamoo yake, usimrukie na swali la magaidi walikuwa wangapi. Muulize asubuhi ile alikuwa anafanya nini, alibeba nini, nani alibaki machamba (ndo shamba kwao), yani mwache aende mwenyewe, akinyamaza na wewe nyamaza. Jina lake usiandike, na hilo peke yake halitoshi, kijiji chenye nyumba 40 ukisema "mama mshona nguo mwenye mapacha" umeshamtaja, na wanaomtafuta nao wanasoma. Toa mapacha, toa cherehani, na picha ifute lokesheni kabla haijatoka kwenye simu yako.