Kabla polisi hawajafika, weka ufagio chini

Mie nasomesha sayansi skuli hapa Wete, na mwaka juzi tuliibiwa nyumbani wakati sote tumekwenda harusini Konde. Tumerudi usiku mlango wa uwani umevunjwa, tivii hakuna, simu ya mama hakuna, na karafuu kavu gunia mbili zishaondoka. Sasa kilichofuata ndo sababu ya mie kuandika haya, mana kabla polisi hawajafika majirani kama ishirini washaingia ndani, kila mmoja anaishika ile kufuli iliyovunjwa anasema lahaula, shangazi kachukua ufagio anafagia vigae vya dirisha kwa vile watu watakuja watukute nyumba chafu, na mwengine kamwagia maji pale penye vidamu ambapo mwizi alijikata. Askari alivokuja akasimama mlangoni akauliza, "Sasa mie nitafute nini hapa?" Na hakuwa na kosa. Tulikwishamfanyia usafi mwizi wetu.

Bas haya nayaandika kwa mtu ambaye hajaibiwa bado, mana siku ya tukio hakuna anaesoma kitu.

Kwanza kuna kazi ya kufanya leo, umekaa barazani huna shida. Piga *#06# kwenye simu yako itakuja namba ya IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu yenyewe, iandike kwenye daftari, na sio kwenye hiyo hiyo simu. Kuna watu wanaihifadhi ndani ya simu halafu simu ikiibiwa na namba imekwenda. Tivii, laptopu, pikipiki, mashine ya kushonea, vyote vina namba za kiwandani, vipige picha pamoja na risiti. Ukienda kituoni ukasema "tivii nyeusi kubwa" umesema nini? Tivii nyeusi kubwa Pemba nzima zinazo. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na namba ya sheha wako uwe nayo mwenyewe, usisubiri kuomba kwa jirani saa nane ya usiku. Wenye kamera za dukani waangalie saa ya kamera leo, kwa sababu nyengine zimepitwa au zimetangulia masaa matatu, na mahakamani wakili atauliza hilo mwanzo. Vile vile nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku kadhaa na kurikodi juu yake, kwahiyo tukio likitokea usikae wiki unatafakari.

Sasa nyumba ishavunjwa. Ushaingia hatua mbili ukaona hali, simama, rudi kwa njia ile ile uliyoingilia, usizunguke kuangalia kilichopotea. Bwana mmoja wa Ufaransa, Edmond Locard, aliefungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, ndo huwa anatajwa kwa wazo kwamba vitu viwili vikigusana huachiana kitu. Mwizi kaacha unywele, uzi wa shati, udongo wa kiatu, na yeye kachukua vumbi la kwako. Lakini wewe na majirani ishirini nyote mnaachia na nyote mnachukua, hiyo sheria haichagui mwizi na jirani. Kwahiyo mtu mmoja mwenye heshima zake akae mlangoni, azuie watu kwa lugha nzuri, na aandike nani kaingia na saa ngapi. Najua kwetu kumzuia jirani mlangoni ni kama kumtukana. Mwambie mzee wa mtaa alifanye yeye, wewe utaonekana una kiburi.

Alama za vidole. Watu wanadhani zipo kila pahala, sivyo. Zinakaa vizuri kwenye kioo, bati, plastiki ngumu, mlango uliopakwa rangi ya mafuta, lakini ukuta wa chokaa na mbao isiyopigwa randa huwa hazishiki. Ni jasho tu na mafuta ya ngozi, na kwa joto letu na unyevu wetu hazina maisha marefu, kitambaa kimoja kikipita zimekwisha. Kwenye vitu vigumu wataalamu wanapaka unga kwa brashi, au kitu kinawekwa ndani ya sanduku na mvuke wa supagluu alama zikatoka nyeupe, na kwenye karatasi kuna dawa inaitwa ninhidrini inayozigeuza rangi ya zambarau. Halafu watataka kuchukua vidole vya watu wa nyumbani pia. Hapa ndo panapokuja ugomvi, "mie mnanifanya mwizi?" Hapana, wanataka kuzijua zenu ili waziondoe, ibaki ya mgeni. Waambieni wazee mapema.

Unyayo wa kiatu uwani ni kitu kizuri sana na ndo kinachopotea haraka, mvua ya masika haingoji mtu. Funika kwa beseni juu chini, kingo zisiguse alama, weka jiwe juu ya beseni. Kama wingu limeshika na polisi wapo mbali, piga picha umesimama wima juu yake, kando yake laza rula au hata penseli, bila ya kipimo picha haiwezi kusema kiatu saizi gani.

Damu usiioshe na usitie jiki. Ipo dawa inaitwa luminoli, inang'ara buluu gizani ikikutana na chuma kilichomo ndani ya damu, lakini inang'ara na jiki pia, kwahiyo sakafu uliyoisugua kwa jiki inamchanganya mpimaji. Nguo yenye damu aichukue polisi mwenyewe, lakini ikibidi uitoe wewe, mfano inanyeshewa, ikauke kivulini, kisha ndani ya bahasha ya kaki, kila nguo na bahasha yake. Sio nailoni. (Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku kwetu miaka mingi na bado watu wanaitoa chini ya godoro siku kama hizi.) Ndani ya nailoni unyevu haupati pa kutokea, vijidudu na ukungu vinakula ile DNA, yaani vinasaba vya mtu vilivyomo ndani ya damu, na maabara inabaki haina cha kupima. Juu ya bahasha andika tarehe, saa, imetoka wapi, kaishika nani kampa nani. Hiyo ndo inayoulizwa kuliko yote, kielelezo kimepita mikono mingapi, na ikiwa hapo katikati pana siku mbili hakijulikani kilipokuwa basi hata kipimo kizuri vipi kitatiliwa shaka.

Na DNA yenyewe msiifanye muujiza. Alec Jeffreys aliigundua njia ya kumtambua mtu kwa DNA mwaka 1984 huko Leicester, Uingereza, na kesi ya mauaji iliyofuata ilianza kwa kumtoa hatiani kijana aliekwishakiri, ndo baadae akapatikana muuaji wa kweli. Kwahiyo inatoa watu pia. Lakini haikwambii mtu kafika lini wala kafanya nini, na mapacha wa kufanana kwa vipimo vya kawaida ni kama mtu mmoja. Jirani aliekuja kunywa chai wiki iliyopita na DNA yake ipo.

Yapo mawili mazito zaidi ya wizi, na yote yanagusa maji. Mtu akibakwa, kitu cha mwanzo anachotaka ni kuoga, na mama zetu ndo watamwambia hivyo hivyo. Asioge kwanza, asibadilishe nguo, na kama kashabadilisha ile ya mwanzo iende kwenye karatasi. Hospitali haraka, dawa ya kuzuia ukimwi inatakiwa ianze ndani ya masaa 72 na ikitangulia ndo bora, na kitengo cha Mkono kwa Mkono, kile cha kuwahudumia waliodhalilishwa, kinampokea. Kama kashaoga bado aende, asiambiwe kachelewa. Jengine ni maiti. Sisi tunaharakisha kuosha na kuzika na ndivyo inavotakiwa, lakini kifo chenye shaka, chini ya kucha na kwenye nguo ndo kuna maneno yote, polisi wajue kabla maji hayajamwagwa. Wataalamu wakishamaliza, ataoshwa na kuzikwa kama kawaida.

Video ya tukio uliyoipiga kwa simu usiitume Whatsapp halafu ukafuta ya asili. Whatsapp inaibana picha na inaondoa taarifa za lini ilipigwa. Ile ya mwanzo ibaki ndani ya simu ilipo.

Mganga wa ramli na Halbadiri sitii neno, hayo kila mtu na nyumba yake, ila visomwe polisi wakishaondoka, mana na wao wasomaji wanaingia ndani na viatu vyao.

Sie karafuu zetu hazikuonekana mpaka leo. Shangazi nae bado anasema alifagia vizuri.