Kufundisha Bonde la Mto Indus: mpe mtoto tofali kabla ya tarehe

Mwalimu mwenzangu, ustaarabu wa Bonde la Mto Indus haukutuachia orodha ya wafalme wala hadithi za vita, na maandishi yake hayajasomeka hadi leo. Tunayoyajua yametokana na vitu: matofali, mitaro, mihuri, mawe ya kupimia uzito. Ndiyo maana naona somo hili linawafaa sana watoto wa darasa la nne hadi la sita. Mtoto anashika kitu, anakipima, anauliza kilitumikaje, na hapo anafanya kazi ileile ya mwanaakiolojia. Ukiligeuza kuwa notisi za kunakili ubaoni, umelinyima uhai.

Tenga vipindi vinne au vitano. Andaa kamba ya mita 5, rula, beseni la mchanga, udongo wa mfinyanzi (wa kichuguu unafaa sana), sabuni ya mche, misumari midogo, vizibo vya soda na hanga moja ya nguo.

Hatua ya 1: Kamba ya miaka

Funga kamba ukutani, sentimita 1 iwe miaka 10. Mtoto wa miaka 10 ana sentimita moja tu, na jambo hilo huwashangaza. Uhuru wa Tanganyika, 1961, uko kwenye sentimita 6 na nusu hivi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ulianza kujengwa karne ya 11, uko karibu mita moja. Endeleeni kutembea. Kati ya mita 3.9 na 4.6 funga kitambaa chekundu: hapo ndipo miji ya Harappa na Mohenjo-daro ilipokuwa imestawi, kati ya mwaka 2600 na 1900 KK. Kwa kamba hii, jambo la miaka ya KK kuhesabiwa kurudi nyuma linaeleweka bila maelezo marefu.

Kisha onyesha ramani: mto unaanzia Tibet, unapita Pakistan na kuingia Bahari ya Arabia. Miji ilienea hadi kaskazini-magharibi mwa India. Kama unafundisha Pwani, onyesha Dholavira, mji ulioko Kutch, magharibi mwa India. Karne nyingi baadaye, vyombo kutoka Kutch vilikuwa vikija Zanzibar kwa upepo wa kaskazi.

Hatua ya 2: Matofali

Matofali mengi ya miji hii yalifuata uwiano mmoja: kimo 1, upana 2, urefu 4. Tofali la kawaida la nyumba lilikuwa na sentimita 7 kwa 14 kwa 28. Usiwaambie watoto uwiano huo. Waandikie vipimo vitatu ubaoni, wautafute wenyewe.

Halafu kila kundi lifinyange matofali madogo ya sentimita 2 kwa 4 kwa 8. Yakikauka, wajenge kona ya ukuta. Wataona kwamba matofali mawili yakilala ubavu kwa ubavu, upana wao unalingana na urefu wa moja, kwa hiyo safu zinapishana vizuri na ukuta unashikamana. Hapo uliza: kama miji iliyo mbali kwa mamia ya kilomita inatumia uwiano uleule, hilo linatuambia nini kuhusu watu wake? Nyamaza, waache wabishane.

Hatua ya 3: Maji

Mohenjo-daro ulikuwa na visima vingi sana. Wataalamu wanakadiria takriban 700. Nyumba nyingi zilikuwa na sehemu ya kuogea yenye sakafu ya matofali, na maji machafu yalipita ukutani hadi kwenye mtaro wa mtaa uliofunikwa. Lilikuwepo pia Bafu Kuu, lenye urefu wa mita 12 hivi, upana wa 7, na lami ya asili ya kuzuia maji yasipenye.

Kwenye beseni la mchanga, kundi moja lichimbe mtaro bila mwinamo, jingine wenye mwinamo, wautandike nailoni, wamwage maji. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 4: Muhuri

Hapa usiwe na haraka. Mihuri ya Indus mingi ni ya mraba, upande wake kama sentimita 2 au 3, imechongwa kwenye jiwe la sabuni, jamii ya jiwe linalochongwa Kisii nchini Kenya. Kwa kawaida kuna mnyama, na juu yake safu fupi ya alama. Mnyama anayeonekana zaidi ana pembe moja. Wengine ni fahali mwenye nundu, tembo, kifaru. Nyuma kuna kifundo chenye tundu la kupitishia uzi.

Wewe mwenyewe kata sabuni vipande vya sentimita 3. Watoto wasipewe wembe, msumari unatosha. Kila mmoja achonge mnyama wa kwao na alama nne au tano alizozibuni, bila kutumia herufi. Kisha agandamize kwenye udongo laini. Mnyama aliyetazama kulia sasa anatazama kushoto. Darasa litalipuka kwa kelele. Usizizime, wengine watarudi wenyewe kuchonga upya kwa kugeuza.

Kipindi kinachofuata, makundi yabadilishane vipande vya udongo na kujaribu kusoma alama za wenzao. Hawatakubaliana. Sasa waeleze kwamba wataalamu wako katika hali hiyohiyo: maandishi ya Indus ni mafupi mno, mara nyingi alama kama tano, na halijapatikana jiwe kama lile la Rosetta, lenye maandishi ya Kimisri pamoja na Kigiriki kinachosomeka. Baada ya hapo waandike safu mbili: "Tunajua" na "Tunakisia." Mihuri ya aina hii imepatikana hadi Ur, mji wa kale wa Mesopotamia (Iraq ya leo). Hilo liingie safu gani, na linathibitisha nini?

Hatua ya 5: Mizani

Mawe yao madogo ya kupimia yaliongezeka maradufu: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Funga vizibo vya soda katika mafungu hayo matano, tundika hanga, na uwaulize kama wanaweza kupima kila uzito kuanzia kizibo 1 hadi 31. Wanaweza.

Hatua ya 6: Kwa nini miji iliachwa?

Vitabu vya zamani vilisema wavamizi waliwaua wakazi. Maelezo hayo yamekosa ushahidi wa kutosha, usiyafundishe kama ukweli. Leo wataalamu wanazungumzia mvua za monsuni zilizopungua, mito iliyobadilika, biashara na Mesopotamia iliyodorora, na watu waliohamia mashariki pole pole.

Ndivyo navyotahini: kila mtoto achague sababu moja na aeleze ni kitu gani angechimba ili kuithibitisha. Anayesema "mvua iliisha" nampa alama moja. Anayesema "ningetafuta tope la ziwa la zamani nione kama lilikauka" nampa zote tano.