Sevisi ya beringi za mbele za Land Cruiser ukiwa nyumbani

Maelezo haya ni ya Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye aksili nzima mbele, pikapu zile zinazojaa Karamoja na West Nile, Uganda. Prado na Hilux za miaka ya karibuni zina beringi zilizofungwa kiwandani: hazipakwi grisi, zikianza kulia hubadilishwa.

Adui mkubwa ni maji. Habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, hupata moto barabarani. Gari likiingia mtoni, hewa iliyo ndani hupoa ghafla na kunywea, ikavuta maji kupitia sili. Grisi hugeuka rangi ya maziwa na kutu huanza kula roli. Kwa hiyo ukivuka maji yaliyofika katikati ya gurudumu, fungua habu uangalie. Usipovuka maji, kila kilomita 20,000 za murram zatosha.

Kupima, inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi za habu. Ukibaki, tafuta kwenye beringi za nakeli, kiungo ambacho gurudumu hukatia kona.

Nunua oili sili, washa ya kufungia nati na gasketi ya habu, kila kimoja kwa kila upande, pamoja na nusu kilo ya grisi ya lithiamu namba 2 inayostahimili joto. Beringi nunua baada ya kuona hali ya zilizomo. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, boksi zuri si ushahidi: toa beringi, soma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, yawe safi na yalingane na ya boksi. Beringi ya asili iliyotumika na isiyo na vishimo wala mistari ni bora kuliko mpya ya bandia. Tafuta pia soketi ya milimita 54. Kupiga nati kwa tindo na nyundo, jambo la kila siku kwenye gereji nyingi, huharibu nati, humwaga vipande vya chuma ndani ya beringi, na hukunyima njia ya kukaza kwa kipimo.

Weka vizuizi magurudumu ya nyuma, gari likae juu ya stendi, na kama ardhi ni laini tandika ubao chini yake. Fungua kalipa ya breki na uitundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wa breki. Legeza nati sita za habu bila kuzitoa kabisa, kisha gonga kwa nyundo ya shaba hadi washa za koni ziruke. Ukizichokoa kwa bisibisi zitapasuka. Toa kifuniko, funga bolti ya M8 kwenye ncha ya shafti, ivute nje, uondoe klipu ya duara, kisha malizia kutoa nati sita na flanji zinayoishikilia. Kunjua meno ya washa, toa nati mbili kubwa za beringi kwa soketi ya 54, kisha vuta habu huku kidole gumba kikizuia beringi ya nje isianguke mchangani.

Ukikuta uji mweusi mwepesi unaonuka oili ya difu (gia za ndani ya aksili), sili ya ndani ya aksili imekufa. Ibadilishe kwanza, la sivyo grisi mpya itaoshwa.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Rangi ya bluu ni dalili ya kuungua; vishimo au mistari unayoisikia kwa ukucha, tupa. Beringi na kikombe chake, pete ya chuma ambayo roli huzunguka ndani yake, hubadilishwa pamoja. Kikombe kipya kigongwe pembeni kwa zamu. Mlio ukibadilika kuwa mzito, kimekaa.

Weka grisi kiganjani, sukuma upande mpana wa beringi ndani yake hadi itokeze juu kati ya roli, ukizungusha mpaka umalize duara. Ndani ya habu paka utando tu; kuijaza pomoni huleta joto. Mdomo wa sili nao upakwe.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Rudisha habu, kaza nati ya ndani kwa Nm 59 (kipimo cha nguvu ya kukaza), zungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa ili roli zikae. Legeza hadi nati izunguke kwa vidole, kaza tena kwa Nm 5.4. Funga mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, kwenye stadi ya gurudumu na uvute: habu ianze kusogea kati ya kilo 2.8 na 5.6. Weka washa mpya, kaza nati ya nje kwa Nm 64, kisha pima tena, kwa kuwa nati hiyo huisukuma ya ndani. Kipimo kikibadilika, rudia. Ikilegea, roli hugonga kikombe. Ikibana sana, grisi huyeyuka na beringi huungua. Kunja jino moja la washa ndani, jingine nje.

Rudisha vilivyobaki, na kanyaga breki mara kadhaa kabla gari halijasogea. Endesha kilomita 20, gusa habu zote mbili: uvuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiwa moto kiasi cha kutoshikika, legeza na upime upya, au angalia kama kalipa imekwama. Baada ya kilomita 500, inua gurudumu ulitikise tena.