Besi ndiyo iimbe: kurekodi kwa mtindo wa Unknown Pleasures hapa Nairobi

Ukitaka bendi yako iwe na ule ubaridi wa albamu ya Unknown Pleasures, usianzie kwenye gitaa. Anzia kwenye besi. Bendi ya Joy Division waliirekodi albamu hiyo Aprili 1979, studio ya Strawberry mjini Stockport, Uingereza, na mpaka leo wapiga besi wanamuiga Peter Hook, mpiga besi wao. Amplifaya yake ilikuwa hafifu, noti za chini zikimezwa na gitaa, akapanda noti za juu ili ajisikie. Sikio lililokulia kwenye benga halitaona ajabu: besi yenye usemi wake tunaijua.

Chagua kii ya D. Piga wimbo kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 7 na ya 14, uzi wa D ukilia wazi chini yake. Huko juu ndiko kasoro za ala hujitokeza. Bonyeza freti ya 12, kisha linganisha na mlio wa uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyohiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza nyuma kidaraja cha uzi huo kwa robo mzunguko wa skrubu, tyuni upya, pima tena. Usipofanya hivyo, D iliyo wazi itagombana na kila noti.

Gitaa lipige vipande vifupi, linyamaze. Kata sauti zake zilizo chini ya hezi 200.

Kazi kubwa iko kwenye ngoma. Prodyuza wa albamu hiyo, Martin Hannett, alitaka kila ngoma isikike peke yake. Rekodi kwanza ngoma ya mguu na snea. Haihati (jozi ya matoazi ya kukanyaga) na matoazi mengine yafuate. Droma akinyimwa haihati hupoteza mwendo, maana mkono ule ndio unaomhesabia, kwa hiyo mwekee mto pale augonge. Snea iongezee mwangwi mmoja, milisekunde 80 nyuma, desibeli 6 chini. Ukizidisha, ile nafasi tupu inayobeba albamu nzima inazibika.

Paa likiwa la mabati, tundika blanketi nzito nyuma ya droma, na mvua ikianza simamisheni. Besi ikivuma, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri.

Jaribu mchanganyiko kwenye matatu yenye sabufa. Ukisikia mtikisiko bila wimbo, punguza besi desibeli 3 kwenye hezi 80, iongeze 2 kwenye 800.